Hewa baridi ya pikapu huletwa na sanduku la bati, si chujio la kung'aa

Mhariri,

Ukurasa wenu wa magari umewaonya wenye pikapu wasiguse njia ya hewa ya injini hata kidogo, kwamba mabomba ya kujitengenezea ni mchezo wa vijana wanaotaka gari lingurume. Mimi ni fundi bati hapa Majengo. Nafua matangi, mabirika, masanduku na mifereji ya mapaa, na kazi hizo nazibeba kwa pikapu yangu kuukuu, Hilux ya dizeli ya lita 2.8 isiyo na tabo ya kusukumia hewa kwenye injini, mpaka Mazeras, Mariakani na Kaloleni. Njia ya hewa ya pikapu hiyo nimeifua mwenyewe. Naomba nafasi nieleze ni wapi mwandishi wenu kapatia na wapi kakosea, maana vijana wanalisoma gazeti hili, na baadhi yao hunijia wakiwa na kipande cha bomba mkononi wakiniuliza wakate wapi.

Kapatia hapa. Kinachouzwa madukani kwa jina la hewa baridi, yaani hewa ya nje ya kuvutwa na injini, si ya kupoza abiria, aghalabu ni chujio lenye umbo la koni, jekundu au la buluu, limebanwa kwenye bomba fupi linalong'aa, kisha likaachwa wazi ndani ya boneti. Kijana hung'oa kopo la chujio la kiwandani, akafunga hilo, akakanyaga mafuta, injini ikanguruma, naye akaamini kaongeza nguvu. Alichoongeza ni sauti. Chujio lenyewe limekaa nyuma ya rejeta, jirani na manifoldi, yale mabomba ya moto yanayotoa moshi kwenye injini, na feni inalipulizia joto lote lililotolewa kwenye maji. Hewa linayovuta ni ya moto kuliko ile aliyokuwa akiipata kabla hajatoa pesa yake.

Lakini kusema kwamba jambo zima ni mchezo, hapo sikubali, kwa sababu nimelipima. Jirani yangu hutengeneza friji za wauza samaki, na ana kipimajoto chenye waya mrefu. Aliniazima. Nikaifunga ncha ya waya kwenye mdomo wa kopo la chujio, nikaupitisha waya dirishani, nikawa nasoma nikiwa kwenye usukani. Mchana wa Machi, msongamano wa Kibarani, malori mbele na nyuma, nje ilikuwa digrii 32. Kwenye mdomo wa kopo ilikuwa 62. Nikisogea kuelekea Changamwe na Miritini inashuka, lakini haifikii joto la nje. Nikianza kupanda Mazeras na mzigo, gia ndogo, upepo wa mbele ukipungua, inapanda tena. Yaani pale ninapoihitaji nguvu zaidi ndipo injini inapovuta hewa mbaya zaidi.

Hesabu yake si ngumu, na yeyote aliyesoma fizikia ya sekondari anaweza kuifanya. Chukua joto, ongeza 273, kisha linganisha. Digrii 32 inakuwa 305, digrii 62 inakuwa 335. Gawanya 305 kwa 335, unapata 0.91. Silinda ni ile ile, pistoni ni ile ile, lakini kila inapovuta hewa ya digrii 62 inapata pungufu ya asilimia 9 ya hewa yenyewe, kwa kuwa hewa ya moto imetanuka. Na injini haivuti kidogo. Ya lita 2.8 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda huvuta mara moja katika mizunguko miwili, hivyo kwa makadirio, maana silinda haijai kabisa, inapitisha kama lita 3,500 kila dakika. Hayo ni mapipa 17 ya lita 200, dakika baada ya dakika. Hapa kwetu pwani kuna la ziada: unyevu. Siku ya joto na mvuke, karibu 3 katika kila 100 ya hewa hiyo ni mvuke wa maji, ambao hauna msaada wowote katika kuunguza mafuta. Hilo hatuwezi kulibadilisha. Joto la boneti tunaweza.

Faida yake niiseme kama ilivyo. Kwenye dizeli isiyo na tabo, nguvu inafuata mafuta yanayopigwa na pampu, na mimi pampu sikuigusa. Kwa hiyo gari halikugeuka kuwa jingine. Kilichobadilika ni moshi. Nikipanda Mazeras na matangi nyuma, lile wingu jeusi lililokuwa likiwafunika wenye bodaboda limepungua mno, kwa sababu sasa mafuta yanapata hewa ya kuungulia, na mguu wangu unakanyaga kidogo kuliko zamani. Atakayekuahidi zaidi ya hapo kwa kubadilisha bomba tu, mwambie akuoneshe kipimo.

Wenye petroli ya kabureta, ile inayochanganya hewa na mafuta bila kompyuta, nao wajue kwamba hewa ikiwa nzito mchanganyiko unakuwa na mafuta machache kwa hewa, basi kabureta irekebishwe upya. Wenye injini za kisasa zenye sensa ya kupima hewa inayoingia wasibadilishe upana wa bomba pale sensa ilipokaa. Kompyuta ya gari imefundishwa upana ule, na ukiupanua itasoma hewa kidogo kuliko iliyopita kweli, ikapiga mafuta yasiyotosha. Machujio ya kupakwa mafuta nayo yanaweza kuichafua sensa hiyo. Mimi kwa hao sina bati la kukata.

Kabla ya kukata chochote, fungua boneti uangalie kama gari lako tayari lina hewa baridi. Pikapu nyingi za miaka ya karibuni zimetoka kiwandani na mdomo unaovuta hewa kutoka ndani ya madigadi au juu ya rejeta. Na hata za zamani, mara nyingi ule mdomo ulikuwepo. Gari liligongwa mbele, likanyooshwa, likapakwa rangi, na kipande cha plastiki kilichovunjika hakikurudishwa. Tangu siku hiyo kopo linavuta kutoka lilipo. Nimewaona wenye magari ya aina hiyo wakitaka niwafulie sanduku zima, nikawapeleka kwa wauza spea kuukuu watafute mdomo wao, basi. Kipande cha plastiki na klipu mbili vimemaliza kazi.

Langu lilikuwa na kopo lililooza kwa kutu, halifungi tena sawasawa, ndiyo maana nikafua sanduku. Na hapa ndipo ninapotaka wasomaji wenu wanisikilize, kwa sababu watu hulifikiria bomba, na bomba ni jambo dogo. Kinachotenganisha hewa ya moto na ya baridi ni sanduku.

Anza na karatasi ngumu ya boksi. Kata, ingiza, funga boneti polepole uone inagusa wapi, kata tena. Ukikosea, boksi jingine lipo dukani kwa Mpemba, halina bei. Kielelezo kikikaa vizuri ndipo uhamishie kwenye bati la zinki la geji 26. Geji ikiwa kubwa bati ni jembamba, na la kuezekea la geji 30 ni jepesi mno kwa kazi hii. Litatetemeka na injini mpaka lipasuke kwenye mkunjo. Viungo nakunja mara mbili kisha nalehemu kwa risasi kwa nje, kama ninavyofanya tangi la maji, ili hewa ya boneti isipate pa kuingilia. Kifuniko kina mpira wa mlango wa gari, ule wenye tumbo tupu, na vibanio vinne. Nisingeshauri kutumia boneti yenyewe kuwa kifuniko, ijapokuwa wapo wanaofanya hivyo. Boneti za pikapu kuukuu hazikai palepale kila zinapofungwa.

Halafu kuna jambo ambalo wasiofua majiko hawalijui. Bati peke yake halizuii joto, linalipokea na kulipitisha. Sanduku la ukuta mmoja karibu na manifoldi litakuwa oveni ndani ya nusu saa. Kwa hiyo upande unaotazama injini nimeweka ukuta wa pili wa bati, nusu inchi kutoka wa kwanza, umeshikwa na vipande vya chuma kwenye pembe tu, juu na chini pamebaki wazi ili hewa ipite katikati na kuondoka na joto. Sikubandika sponji ndani. Gundi huyeyuka, sponji hulegea, na chochote kinacholegea ndani ya sanduku hilo kitaenda kuziba chujio.

Chujio nimetumia la karatasi, la duara, la lori dogo, kwa sababu lina karatasi nyingi kuliko la pikapu na halikabi injini. Linabanwa na fimbo moja ya katikati yenye nati ya kipepeo. Linapokalia pasiwe bati jembamba. Nimelehemu pale bamba la chuma la milimita 3, nikalisugua kwa tupa mpaka likawa bapa kabisa, maana nati ikikazwa bati jembamba hubonyea, mpira wa chujio ukaacha upenyo usiouona kwa jicho, na vumbi likapita. Vumbi la huku kwetu, la machimbo ya mawe na la barabara za ndani Kaloleni, ni mchanga wenyewe uliosagwa. Likiingia kwenye silinda hukwangua pete za pistoni, na baada ya hapo gari linakula oili mpaka injini ifunguliwe. Ili kujua kama linapita, paka grisi safi kidogo ndani ya shingo, upande wa baada ya chujio, endesha njia ya vumbi, kisha fungua ufute kwa kitambaa cheupe. Ukisikia chembe kati ya vidole, sanduku halijafungika. Rudi kazini.

Sasa mdomo wa kuvutia hewa, na hapa nina uchungu.

Iko gereji, sitaitaja, inayowashawishi wenye pikapu wateremshe bomba mpaka nyuma ya bampa ya mbele, kwa hoja kwamba chini karibu na barabara ndiko kwenye upepo baridi. Mteja wangu mmoja anayebeba mboga kutoka soko la Kongowea alifungiwa hivyo. Masika yalipofika, na sote tunajua barabara za Mombasa zinavyokuwa Aprili na Mei mitaro ikishindwa, akakatiza maji yaliyofika nusu ya gurudumu, kama alivyozoea kukatiza miaka yote. Injini ikazima kwa kishindo kimoja. Ilipofunguliwa, fimbo moja ya pistoni ilikuwa imepinda. Mtu mwenye watoto wanaosoma, na gari ndiyo shamba lake.

Naomba mwenye pikapu ya dizeli aishike hesabu hii. Injini kama yangu inabana hewa kwa uwiano wa takriban 22 kwa 1. Silinda moja ni karibu sentimita za ujazo 695. Pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni kama sentimita za ujazo 33 tu, yaani vijiko viwili vya mezani na tone. Hewa hubanika ikaingia humo. Maji hayabaniki. Silinda ikimeza maji kuzidi vijiko hivyo viwili, pistoni inagonga kitu kisichosogea huku uzito wa injini nzima unaisukuma, na lazima kitu kipinde. Bomba la inchi 3 lililozama kwenye maji linaweza kupitisha vijiko viwili kabla dereva hajaondoa mguu.

Kwa hiyo mdomo wa bomba langu uko juu, nyuma ya taa kubwa, ndani ya madigadi, usawa wa sehemu ya juu ya rejeta. Upepo wa mbele unaufikia kupitia grili, mvua haiupigi moja kwa moja, na maji yakifika huko basi hata mimi kwenye kiti nimeshalowa. Chini ya sanduku nimetoboa tundu la milimita 6 ili matone yatakayopenya yatoke. Mdomoni nimeweka wavu wa waya wa matundu mapana kuzuia majani na makaratasi. Wavu wa mbu usiweke, huziba kwa vumbi ndani ya muda mfupi. Na ikitokea gari la mtu limezima majini, tafadhali asijaribu kuliwasha tena. Livutwe, nozeli za kupulizia mafuta au plagi za kupasha zifunguliwe, injini izungushwe taratibu mpaka maji yatoke yote. Injini inaweza kuvunjwa na stata ya pili, baada ya maji kuingia.

Bomba lenyewe, kama nilivyosema, ni jambo dogo. Nimetumia bomba la maji taka la plastiki la inchi 3 kutoka mdomoni mpaka sandukuni, na mahali pa kona nimeunga viwiko viwili vya digrii 45 badala ya kimoja cha 90, ili hewa isipinde ghafla. Plastiki hiyo hulainika ikikaribia digrii 80, hivyo iwe upande wa baridi tu. Kutoka sandukuni kwenda injini nimetumia bomba la chuma, na kipande cha mpira kila mwisho, kwa sababu sanduku limefungwa kwenye bodi na injini inayumba juu ya mipira yake. Ukiunga kigumu kwa kigumu, kutapasuka. Ule mpira mdogo unaotoa mvuke wa oili kutoka juu ya injini usiuache ukining'inia hewani. Utobolee kishingo uurudishe kwenye bomba, baada ya chujio.

Na baada ya chujio, bolti isiwepo, ribiti isiwepo, wala tone la risasi lililobaki ndani. Chochote kilicho upande huo kina njia moja tu ya kwenda. Mimi bomba lile nililisugua kwa brashi ya waya, nikaliosha kwa sabuni, nikalikausha juani, kisha nikalipitishia kitambaa cheupe mpaka kikatoka cheupe.

Kipimo cha mwisho hakitaki pesa. Mafundi wa ujenzi wana mpira mwangavu wa kupimia usawa kwa maji. Ukunje uwe kama herufi U yenye mikono mirefu ya mita moja, tia maji kidogo katikati, mwisho mmoja uuchomeke kwenye bomba baada ya chujio, mwingine uache wazi, mwenzako apandishe mzunguko wa injini gari likiwa limesimama. Maji yatapanda upande unaovutwa. Pima tofauti kabla ya kazi na baada ya kazi. Ikiwa tofauti imekua, umeikaba injini yako hata kama hewa ni baridi, na kuna kona au chujio la kurekebisha. Maji yawe machache na mikono iwe mirefu, kwa sababu ya vile vijiko viwili.

Pikapu yangu sasa, kwenye msongamano ule ule wa Kibarani, inasoma kama digrii 40 ndani ya sanduku, na ikitembea inakaribia sana joto la nje. Rangi ya kuzuia kutu nimeipaka mara mbili, maana chumvi ya hewa ya Mombasa huanza kula bati pale pale lilipokatwa, na naliangalia kila nikibadilisha oili.

Vyuo vyetu vya ufundi vina darasa la magari na darasa la mabati, na mara nyingi wanafunzi wake hawajuani. Kazi hii inawahitaji wote wawili, na mngeliandika hilo mngewasaidia kuliko kuwaambia waache. Kielelezo cha boksi cha sanduku langu bado ninacho, kina vipimo vyote, nitakileta ofisini kwenu mkitaka kukichapisha. Mwandishi wenu naye anakaribishwa Majengo na pikapu yake, kipimajoto jirani yangu atakitoa. Ila kama ni ile mpya yenye tabo, na mdomo wake wa kiwandani bado uko kwenye madigadi, hatutaifungua. Tutampimia, tumuoneshe namba, aende zake.

Fundi bati,
Majengo, Mombasa